Mwalimu Aliyefagia Ua

Wazazi huniuliza karate itamfaa nini mtoto. Mimi huwasimulia habari za Gichin Funakoshi, aliyezaliwa Okinawa mwaka 1868, mtoto dhaifu wa mwili. Alipokuwa mtu mzima, mchana alisomesha skuli; usiku akenda kwa mwalimu wake, Anko Asato, akirudia kata ile ile miezi na miezi, wala hapewi nyingine mpaka mwalimu aridhike. (Sisi tuliokalishwa na juzuu moja mwaka mzima twaijua ladha yake.)

Mwaka 1922, umri umeshapita miaka 50, alikwenda Tokyo kuionyesha sanaa hiyo, akaombwa abaki afundishe. Mkewe hakukubali kuyaacha makaburi ya wazee, akabaki Okinawa. Wanafunzi walikuwa wachache. Mwalimu akakaa katika bweni la vijana, akifagia ua na vyumba apate riziki, kisha akifundisha.

Mwaka 1945 mabomu yaliuteketeza ukumbi wake, Shotokan, na mwanawe Gigo, msaidizi wake mkuu, akafariki. Baada ya vita aliungana na mkewe Oita. Bibi naye akafariki mwaka 1947. Mzee akarudi Tokyo kwa wanafunzi wake.