PhD Ina Mbogi Yake

Mwaka wa 1995 msee mmoja wa Uholanzi anaitwa Alex de Voogt alimaliza PhD yake pale Leiden, na kitu alikuwa ameandikia ni bao. Ile bao ya wazee wa pwani: mashimo 32, kete 64, unaanza na awamu ya namua alafu ya mtaji. Alienda Zanzibar akakaa na mafundi wa huo mchezo, akawacheki wakicheza, akawahoji. Alitaka kujua kichwa ya fundi inaweza kubeba hesabu kiasi gani. Ju bao si mchezo ya kuotea. Kete zako zinazunguka, zinaokotwa tena, zinazunguka, na hadi zikilala ubao mzima ushabadilika sura. Mwaka wa 2002, wasomi wawili wa Maastricht, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, wakatoa kazi yao ya kufunza kompyuta kucheza hiyo hiyo bao.

Nimeanza na hao ju mtaani ukitaja PhD, watu wanaona mzee wa miwani amejifungia na vitabu. PhD ya gemu haijawahi kuwa hivyo. Hata ukicheza solo kejani, kuna mbogi iliunda hiyo gemu, kuna wasee wameimaliza kabla yako, na kuna bro wako anangoja uachilie padi. Ukitaka kuisoma lazima uingie kwa watu. Ndio maana naamini hii PhD iko karibu na sisi kuliko venye tumeambiwa.

Cheki Uingereza. 2014, vyuo tatu, York, Essex na Goldsmiths, ziliungana zikafungua kituo kinaitwa IGGI. Chapaa ilitoka EPSRC, ile taasisi ya serikali yao inayolipia utafiti wa uhandisi na sayansi. Awamu ya pili ikaanza 2019, hiyo mara ni York na Queen Mary ya London. Kazi yao ilikuwa moja tu: kutoa madaktari wa gemu na AI. Ulikuwa unakaa miaka 4, na unapewa pesa ya kuishi ndio akili isigawanyike kati ya utafiti na rent.

Venye wameipanga ndio imenibamba. Hawakuwa wanakutupa ofisini na supavaiza mmoja alafu wakusahau. Mlikuwa mnaingia kama darasa, mnasoma pamoja kuunda gemu na kufunza AI, mnatengeneza gemu na mikono zenu, mnatumwa kwa kampuni mkaone wera inafanywaje, na kila mwaka kulikuwa na kongamano la kituo ambapo kila msee anasimama kuonyesha amefika wapi. Mwenye anasoma jinsi wachezaji wanatukanana mtandaoni alikuwa anakaa dawati moja na mwenye anafunza boti kucheza karata. Kila mmoja alijua swali la mwenzake.

Hiyo kitu ni muhimu sana, ju PhD ni safari ya upweke. Miaka 4 unakimbizana na swali moja. Unatuma makala, inarudishwa. Mathe anakuuliza utamaliza lini na hujui umjibu aje, ju hata hajaelewa unafanya nini. Wasee wengi huvunjika hapo katikati na hawasemi. Mtu akiwa na mbogi yenye inaelewa kwa nini boti yake ilikataa kufanya kazi jana usiku, anadumu. Sioni hiyo ka anasa ya kuongezea mtu akishafaulu masomo. Ndio msingi wenyewe.

Alafu kuna yale makesha. Global Game Jam ilianza 2009, na kila Januari watu dunia nzima wanapewa mada moja na siku chache tu kutengeneza gemu. Unaingia Ijumaa hujui mtu, Jumapili mko na gemu. Inaweza kuwa mbovu, inaweza kukwama kila dakika, lakini iko. Mwanafunzi wa PhD akipitia kesha ka hilo anajifunza kitu makala haziwezi kumpa: wazo safi kwa karatasi linaweza kufa mara ya kwanza mtu ameshika padi.

Stori yenye inanikaa zaidi ni ya karata. Wasomi wa York walishirikiana na AI Factory, kampuni ndogo ya Uingereza iliyokuwa na gemu ya Spades kwa simu za Android. Spades inachezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, so ukicheza na simu, AI inakuwa adui na pia inakuwa pacha wako. Walitaka kutumia mbinu inaitwa Monte Carlo Tree Search. Rémi Coulom ndiye aliipa hilo jina 2006 akiunda programu ya kucheza Go, ule mchezo wa ubao wa Asia. Kompyuta haiwezi kupiga hesabu ya kila njia hadi mwisho, so inajaribu. Ni ka dere wa nganya Thika Road ikiwa imeshikana: anapita kila njia ya panya kwa akili yake, mara nyingi, na ile inaonekana kufunguka anaifikiria zaidi, ile imekufa anaiacha. Kwa sekunde moja mashine inaweza kucheza maelfu ya mechi za kubuni ndani yake, alafu inatupa karata moja.

Ilicheza kali kuliko AI ya zamani. Sasa skia venye wachezaji walisema: huyu pacha ni mjinga. Shida ilikuwa mwisho wa raundi. Mashine ikishaona matokeo hayawezi kubadilika, karata zote kwake ni sawa, so inatupa yoyote. Kwa hesabu haijakosea hata kidogo. Lakini wewe umekaa hapo unaona mwenzako ametupa karata kubwa bure, na imani inaisha. Ilibidi wasomi waongeze sheria za akili ya binadamu, vitu mchezaji yeyote wa karata anajua, ndio mashine ionekane na busara. Hiyo kazi ilichapishwa 2013.

Fikiria hiyo vizuri. Maabara peke yake haingeliona hilo kosa, ju kila kipimo kilisema mashine iko fiti. Waliona ni wachezaji. Sayansi yote ya kuishi na AI, iwe hospitali ama shambani, itakutana na hilo swali: mashine inaweza kuwa sahihi na bado usitake kuwa kikosi kimoja nayo. Wasee wa gemu waliligusa mapema ju ya karata.

Upande wa mashindano nao ni moto. 2009 Julian Togelius, mwenye alipata PhD yake Essex 2007 akifunza magari ya gemu kujiendesha, alisaidia kuandaa shindano la kuunda boti ya kucheza Mario. Robin Baumgarten, akiwa mwanafunzi wa PhD pale Imperial, alileta boti yake ikapita katikati ya maadui na mashimo bila kusita, na video yake ikasambaa mtandaoni hadi kwa watu hawajawahi kuskia neno utafiti. Alafu 2014 watu wa Essex wakaleta shindano ngumu zaidi, GVGAI. Boti yako inacheza gemu hujawahi kuiona, na kila hatua iko na milisekunde 40 ya kufikiria. Huwezi kuifunza hila ya gemu moja. Lazima iwe na akili ya kujipanga popote imetupwa.

Kitu mi napenda na hizo mashindano ni uwazi. Programu ya kuanzia ilikuwa inapeanwa bure. Msee wa chuo kubwa na msee ako na laptopu ya mtumba walianza mstari mmoja, na matokeo yaliwekwa mbele ya kila mtu. Ka kuna sehemu ya sayansi inafanana na uwanja wa mtaa, ni hii.

Jina lenye utaskia kila mahali ni Demis Hassabis, na sitakaa hapo sana. Akiwa na miaka 17 alikuwa kwa timu ya Theme Park, iliyotoka 1994. Akafungua kampuni ya gemu, Elixir, pamoja na rafiki yake David Silver. Wote wawili walirudi shule: Silver akaenda Alberta, Kanada, kufanya PhD juu ya mashine kujifunza Go, Hassabis akafanya yake ya ubongo pale UCL. 2010 DeepMind, kampuni ya AI ya Hassabis, ikazaliwa, 2016 programu yao AlphaGo ikamchapa Lee Sedol, mkali wa Go, mechi 4 kwa 1, na 2024 Hassabis akashiriki Nobel ya Kemia juu ya kazi ya protini. Watu husimulia hiyo ka hadithi ya jiniasi mmoja. Mi naona marafiki walioachana, wakasoma, wakapatana tena.

Sasa kuna utafiti mwingine unatugusa moja kwa moja, na hapa nataka uweke simu chini kidogo. 2018, David Zendle wa York St John na Paul Cairns wa Chuo cha York walihoji wachezaji zaidi ya 7,000 juu ya masanduku ya bahati, zile paki unanunua ndani ya gemu bila kujua ndani kuna nini. Waligundua ukiona mtu ako na shida kubwa ya kamari, pia ndiye anatumia doo nyingi kwa hizo paki. Hawakusema paki ndio huleta kamari. Inawezekana wenye tayari wameshikwa na kamari ndio wanavutwa. Lakini uhusiano upo, na vyovyote vile kuna mtu anakamuliwa. Mwaka huo huo tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema masanduku ya gemu kadhaa, FIFA 18 ikiwemo, yanavunja sheria ya kamari, na mapema 2019 EA, kampuni ya hiyo FIFA, ikaacha kuuza FIFA Points nchini humo.

Sisi tunajua beti. Kila mtu ako na rafiki ameuza simu, ama fees imeenda na mkeka. Na watoto wa darasa la sita wako kwa hizi gemu wakifungua paki. Huo ni utafiti unafaa kufanyiwa hapa, na watu wanajua kukaa na hao watoto bila kuwahukumu.

Wasomi wa AI tuko nao. Agosti 2019 Deep Learning Indaba, ule mkutano wa wasomi wa AI wa Afrika ulioanza Johannesburg 2017, ulifanyika hapa Nairobi, Kenyatta University. Mamia ya vijana kutoka bara nzima walikuwa hapo wakifunzana. So mbogi ipo. Mi nataka kuona upande wa gemu ukishika nafasi yake ndani yake.

Na swali la kuanzia liko kwa PS ya mtaa, zile base unalipia kucheza PlayStation. Gemu za mtandaoni hukupangia mpinzani wa kiwango chako; Microsoft iliunda TrueSkill ju ya hiyo kazi. Kwa PS hakuna kupangiwa. Unakaa na mwenye amekuja, na base mingi anayechapwa ndiye analipa. Hiyo sheria inamfanya nini mgeni? Anajifunza haraka ju kila kosa lina bei, ama anahepa asirudi? Mkali wa base anamwachia mtoto goli moja ndio arudi kesho? Kuna mdem ngapi wanacheza kali kejani na hawajawahi kukanyaga hapo ndani, na nini ingebadilika wakija? Hizo ni tasnifu nne, na mtu wa kuziandika anafaa awe tayari anajua jina la kila msee kwa hiyo benchi.