SOKO LA VIFAA VYA SOKA: Kinachochakaa mazoezini ndicho kinachouzika

Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, vifaa vya soka huonekana kuwa bidhaa isiyo na hasara. Mpira unachezwa kila mtaa, na Fainali za Mataifa ya Afrika zimepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2027. Hata hivyo, wengi wanaoingia katika biashara hii huanza na jezi, na hapo ndipo fedha hulala. Timu ya mtaani hununua jezi mara moja kwa msimu, tena mara nyingi kwa fedha za mfadhili anayetaka jina lake lionekane kifuani. Jezi za klabu kubwa nazo zina wenye haki zake. Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mzigo ukishachukuliwa, mtaji umekwenda nao.

Kinachorudiwa kununuliwa ni kile kinachochakaa mazoezini. Kwa hiyo anayetaka kujua aagize nini, ni vema ajue kwanza wachezaji wanafanya nini uwanjani saa kumi jioni.

Tuanze na mpira wenyewe. Saizi namba 5 ni ya watu wazima. Kwa mujibu wa sheria za mchezo, mzingo wake ni sentimeta 68 hadi 70, uzito gramu 410 hadi 450, na upepo kati ya 0.6 na 1.1 ya kanieneo. Namba 4 ni ya vijana wadogo, na namba 3 ni ya watoto. Muuzaji anayepeleka namba 5 shule ya msingi anawapa watoto mzigo mzito kuliko miguu yao, na mwalimu mwenye ujuzi ataurudisha.

Mipira mingi mizuri ya kushonwa kwa mkono hutoka Sialkot, Pakistan. Ule wa kawaida una vipande 32, yaani 20 vya pembe sita na 12 vya pembe tano. Ngozi yake ya juu siku hizi ni ya plastiki, nayo ni ya aina mbili. PU ni laini na ghali, PVC ni ngumu na rahisi. Kwa viwanja vyetu vya changarawe, mpira ghali wa PU huliwa nyuzi upesi, na mteja atasema umemuuzia feki. Kwa timu za mchangani, PVC nzuri au mpira wa kumiminwa usio na mshono ndio unaolipa.

Ndani kuna kibofu. Cha lateksi hudunda vizuri lakini huvuja upepo taratibu, hivyo huhitaji kujazwa mara kwa mara. Cha butili hukaa na upepo muda mrefu zaidi. Kabla ya kununua jumla, chukua mipira mitatu au minne kutoka katoni tofauti, ijaze, ipime kwa futi kamba na mizani ya duka, kisha iache hadi kesho yake. Ukikuta mmoja umelegea, kataa bei uliyoambiwa. Uza pia pampu ya mkono na sindano zake, kwani mpira unaojazwa kwa mashine ya matairi hupasuka mshono, na sindano kavu huchana vali.

Mazoezi ya siku hizi huanza kwa kupasha mwili moto kwa utaratibu. Mpango wa FIFA uitwao 11+ una mazoezi 15 na huchukua kama dakika 20: kukimbia taratibu, kisha nguvu na mizani ya mwili, kisha mbio za kasi. Utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha majeraha makubwa yakipungua karibu nusu. Kwa mfanyabiashara jambo la kuzingatia ni kwamba mpango huo unahitaji jozi sita za koni, yaani koni 12. Koni ni nyepesi, hazina saizi wala fasheni, na hupotea kila wiki. Ukiongeza vizibao vya rangi mbili umepata bidhaa ambayo kocha ataifuata mwenyewe.

Vikinga ugoko ni lazima kwa sheria namba 4, na sheria hiyohiyo inataka vifunikwe na soksi. Viuzwe pamoja.

Njumu ndizo zenye hatari zaidi. Zenye meno marefu ya chuma, alama SG, ni za viwanja laini vyenye unyevu. Juu ya ardhi kavu humwumiza mchezaji kifundo na goti. FG ni za nyasi za kawaida. TF, zenye meno mengi mafupi ya mpira, hufaa ardhi ngumu na nyasi bandia. Ukiletewa katoni la SG kwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini linatupwa. Usikubali pia katoni la saizi zilizochanganywa bila kuliona, maana saizi za kati zikiisha wiki ya kwanza, utabaki na 38 na 46 hadi mwakani.