Fahamu: Mvutano wa mashamba ya miwa Ramisi, na haki ya wakazi kupinga mradi

Kiwanda cha sukari cha Ramisi, Msambweni, kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2007 kampuni ya sukari ya KISCOL ilikodishiwa na serikali takriban ekari 15,000. Wakazi waliokuwa wakilima humo walipinga, wakidai ardhi na fidia mahakamani.

Kwa anayetaka kupinga mradi kama huo, Kifungu cha 69 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka umma ushirikishwe katika kutunza mazingira. Mradi mkubwa huhitaji tathmini ya athari na leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Anayeipinga leseni hiyo ana siku 60 kukata rufaa kwa jopo la rufaa za mazingira. Tarehe 26 Juni 2019, jopo hilo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu, kwani wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Haki hiyo ya kushirikishwa na kukata rufaa ni ya mkulima wa Ramisi na mvuvi wa kisiwa cha Wasini sawasawa.