Kabla ya Kulaumu Rangi, Tazama Ukuta

Mvua za masika zikishapita, pita Ukunda, Diani hadi Msambweni uangalie kuta. Nyumba iliyopakwa juzijuzi imeanza kubambuka rangi, hasa kuanzia usawa wa goti kushuka chini. Lawama zote humwendea mwenye duka: rangi yake hafifu, imetiwa maji. Huenda ikawa kweli, lakini kigamba kilichodondoka ndicho shahidi bora. Kigeuze. Ukiona mgongoni kimebeba unga, rangi ilishika sawasawa, ila ilishika unga ambao wenyewe haukushikana na ukuta. Ukiona mgongo ni safi na ukutani inang'aa rangi ya zamani, basi msasa haukupigwa. Na penye chengachenga nyeupe zenye ladha ya chumvi, tatizo ni unyevu, na hakuna kopo la bei yoyote litakaloutibu.

Pwani hii tunajengea mawe ya matumbawe, yenye vitundu vingi vinavyofyonza maji ya ardhini. Lipu ikikorogwa kwa mchanga wa ufuoni au maji ya kisima cha chumvi, tumejitilia adui ndani. Maji yanapokauka, chumvi huganda kuwa fuwele nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Rangi ya mafuta huzidisha balaa, maana huufunga ukuta usipumue. Chokaa ya kale, iliyochomwa kutokana na matumbawe yayo hayo, ilifanya kazi kwa namna nyingine: ikishapakwa, huvuta kaboni dayoksaidi hewani na kurudi kuwa jiwe, ikashikamana na ukuta huku ikipitisha unyevu. Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi kabla ya rangi za makopo, na hadi leo unasaliwa. Mabaharia nao hawakukimbilia kupaka: kabla ya deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa, walikipweleza chombo, wakakikwangua, wakangoja kikauke.

Wapo watakaosema chokaa huchafua nguo na huhitaji kurudiwa mara kwa mara. Ni kweli, na simwambii kila mtu arejee kwenye chokaa. Wengine watasema kungoja ni gharama, fundi analipwa kwa siku. Hoja hiyo siikubali, kwa sababu anayepaka ukuta mbichi atamlipa fundi yuleyule tena mwakani. Lipu mpya ya saruji iachwe kama siku 28, kwani ukali wake huila rangi ya mafuta. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Kisha paka sehemu ndogo kwenye kona, iache ikauke kabisa, ikate kwa wembe mistari sita kwenda na sita kukatiza, bandika selotepu, uivute kwa nguvu. Vijiraba vikitoka na selotepu, usinunue kopo la pili. Ukuta wako bado hauko tayari.