Vundika Maembe Bila Hatari



Msimu wa maembe ukifika, nani harudi nyumbani na kapu? Lakini mengi tunayonunua sokoni bado ni magumu. Na Bunia iko juu, zaidi ya meta 1.200, usiku kuna baridi. Embe linaloiva upesi kule Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, hapa linakawia. Ndipo wengine wanatafuta njia ya mkato.

Njia hiyo ni karbure, yale mawe ya kijivu yaliyowasha taa za wachimbaji wa zamani, na ambayo mpaka leo yanatumika kwa kuchomelea vyuma. Baba anatia vipande viwili mfukoni. Mama anavifunga katika kitambaa na kuviweka kati ya maembe. Baada ya siku chache maganda ni ya manjano, watoto wanashangilia. Hawajui kwamba wamelala na hatari ndani ya nyumba.

Karbure ikipata maji, hata unyevu wa hewa au jasho la mkono, inatoa gesi ya asetilini. Gesi hiyo ikifika sehemu 2,5 tu kwa 100 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Je, jikoni mwako hakuna makaa na kiberiti? Tena karbure inaunguza ngozi na macho, na mara nyingi ina mabaki ya aseniki na fosfori, ambayo ni sumu. Nchi ya India imekataza kwa sheria kuivishia matunda. Na mara nyingi ganda linageuka rangi, lakini nyama ya ndani bado ni chachu!

Njia nzuri haina gharama. Embe lililokomaa linatoa lenyewe gesi ya kuliivisha. Kazi yako ni kuizuia isipotee upesi.

1. Chagua maembe yaliyokomaa, yenye mabega yaliyojaa. Embe changa linanyauka tu.

2. Ukichuma mwenyewe, acha kikonyo kifupi. Utomvu unawasha, ukikugusa, nawa kwa maji na sabuni.

3. Yapange katika kartoni au kapu, juu ya nyasi kavu au karatasi. Ongeza ndizi mbivu moja au mbili, kisha funika kwa gunia safi. Mfuko wa plastiki hapana: unaleta jasho na kuoza.

4. Usitumie kamwe sanduku la baruti wala gunia la kemikali kutoka kazini.

5. Weka mahali pa joto, mbali na jua, panya na mafuta ya taa.

6. Kagua kila siku. Toa yaliyoiva, tupa yaliyooza. Kama una friji, tia yaliyoiva tu.

7. Osha embe wakati wa kula, si kabla ya kuvundika. Tumia maji safi, na nawa mikono kwa sabuni. Kipindupindu na tifoidi vinapitia mikono michafu.

Na kama leo una karbure nyumbani? Usiitupe chooni wala majini. Itie katika chombo kikavu chenye kifuniko, weka mbali na moto na watoto, kisha uirudishe karakana.

Embe litangoja siku chache. Haraka haraka haina baraka.