Uuguzi au kilimo? Jiulize kabla ya kujaza fomu
Umemaliza sekondari, uko Rumonge, na moyo unavutwa huku na huku: uuguzi au kilimo? Usianze na jina la chuo. Kwanza, angalia mchepuo ulioandikwa kwenye diploma yako, kisha uliza chuo kama kinaupokea. Pili, kabla ya kulipa nauli ya Bujumbura, shinda siku moja kwenye kituo cha afya, nyingine kwenye michikichi, uwaulize wanaofanya kazi hizo. Tatu, fikiria safari: ukihama, muuguzi husajiliwa upya, ujuzi wa kukamua mawese hauombi kibali.

Kama ni mkimbizi, uliza UNHCR kuhusu ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992. Nafasi ni chache, basi chagua fani utakayoweza kuimaliza.