Aliguswa, Lakini Je, Alijaribu Kukwepa?

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu chipukizi katika shule moja ya msingi, niliteuliwa kuwa mwamuzi wa mchezo wa kati baina ya wasichana wa darasa la sita na wale wa darasa la saba. Msomaji aliyepitia shule zetu anaufahamu mchezo huu. Warushaji wawili husimama pande mbili, wapinzani wao hubaki katikati wakiruka na kujipinda, na yeyote aguswaye na mpira hutoka. Siku hiyo alikuwa amesalia msichana mmoja tu wa darasa la sita. Mpira ulipita karibu na kiuno chake, darasa la saba likapiga mayowe, nami nikanyoosha mkono: ameguswa, atoke.

"Mwalimu, haukunigusa," aliniambia kwa sauti ya chini.

Nilimjibu kwamba uamuzi ulikuwa umekwisha kutolewa. Jioni hiyo mrushaji mwenyewe alinijia akaungama kuwa mpira ulipita hewani. Nilimshukuru kwa ukweli wake, kisha nikanyamaza.

Kumbukumbu hiyo hunirudia kila nisomapo habari za besiboli, mchezo ambao Wamarekani wanauenzi mno, kwani mna kanuni ndani yake iliyoupindua mchezo wetu wa kati juu chini. Katika besiboli, mrushaji humtupia mpira mpigaji aliyeshika gongo, umbali wa mita 18.44. Mpira wa kasi hufika kwa muda usiotimia nusu sekunde. Mpigaji akigongwa nao hatoki uwanjani. Hupewa kituo cha kwanza bila jasho. Iwapo vituo vyote vitatu vina wenzake, kila mmoja husogea mbele, na aliye wa mwisho huingia nyumbani na kuipa timu pointi.

Fidia hiyo si upuuzi. Mnamo tarehe 16 Agosti 1920, jijini New York, mchezaji wa Cleveland aitwaye Ray Chapman aligongwa kichwani na mpira uliorushwa na Carl Mays, akafariki siku iliyofuata. Mpira ule ni mgumu, na mwili wa mpigaji unastahili kulindwa.

Hata hivyo, waliotunga kanuni walimjua binadamu. Penye tuzo ya kugongwa hapakosi wa kujigongesha. Kwa hivyo waliweka masharti. Mpira ukimgusa mpigaji ukiwa ndani ya eneo halali la kurushia, yaani juu ya bamba la nyumbani, kati ya magoti na kifua, hapewi kitu. Huhesabiwa kosa, na kosa la tatu humtoa. Ukimgusa nje ya eneo hilo naye hakujaribu kuukwepa, pia hapewi kituo, bali huhesabiwa tu kuwa mrushaji ametupa mpira mbovu. Waama, mwamuzi ana maswali matatu ya kujibu kwa kufumba na kufumbua. Je, mpira ulimgusa? Ulikuwa wapi ulipomgusa? Naye, je, alijaribu kukwepa?

Swali la kwanza lina ushahidi wa macho. Katika fainali za mwaka wa 1969 baina ya New York Mets na Baltimore Orioles, mwamuzi Lou DiMuro hakukubali kwamba mpira ulikuwa umemgusa Cleon Jones mguuni. Kocha wa Mets, Gil Hodges, alimletea mpira wenyewe, ukiwa na alama ya rangi ya kiatu. DiMuro akabadilisha uamuzi wake papo hapo. Mpigaji aliyefuata, Donn Clendenon, aliutoa mpira nje ya uwanja, na siku hiyo Mets wakatwaa ubingwa.

Swali la pili ni gumu zaidi. Tarehe 8 Aprili 2021, Mets walikuwa sare ya 2-2 na Miami Marlins katika kipindi cha tisa, vituo vyote vikiwa vimejaa. Mpira wa Anthony Bass ulimgusa Michael Conforto kwenye kinga ya kiwiko, ukiwa ndani ya eneo halali. Mwamuzi Ron Kulpa alianza kuinua mkono kuashiria kosa la tatu, kisha akaghairi na kumpa kituo. Mets wakashinda 3-2. Kanda ya video ilitazamwa, lakini kanuni ziliiruhusu kuthibitisha kwamba mpira ulimgusa tu, si mahali ulipomgusia. Baada ya mchezo, Kulpa alikiri waziwazi kwamba alipaswa kumtoa Conforto. Matokeo hayakubadilika.

Swali la tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Tarehe 31 Mei 1968, jijini Los Angeles, Don Drysdale wa Dodgers alikuwa amemaliza mechi nne mfululizo bila kufungwa hata pointi moja. Katika kipindi cha tisa cha mechi ya tano, dhidi ya San Francisco Giants, vituo vilijaa na hakuna aliyekuwa ametolewa. Mpira wake ukamgonga Dick Dietz mkononi. Kila mtu alidhani rekodi imekatika. Mwamuzi Harry Wendelstedt akasema la hasha, Dietz hakujaribu kukwepa. Giants walilalamika kwa hamaki, lakini hakutetereka. Dietz alirudi kupiga, akatolewa. Dodgers wakashinda 3-0. Drysdale aliendelea hadi vipindi 58 na theluthi mbili, rekodi iliyodumu mpaka Orel Hershiser alipofikisha 59 mwaka wa 1988.

Wapo wanaosema Wendelstedt alimpendelea Drysdale, kwa kuwa sharti hilo ni nadra kutumiwa. Mimi naona kinyume. Sharti lililoandikwa na ambalo waamuzi wanaona haya kulitumia huwapa wajanja nafasi na kuwaponza waaminifu. Hakuna mashine ipimayo jitihada ya mtu. Hapo panahitajika binadamu anayetazama kwa makini, anayeamua bila kuogopa kelele, na anayekubali kusahihishwa.

Walimu wenzangu, sisi nasi tu waamuzi wa aina hiyo. Mwanafunzi aliyechelewa kwa sababu ya mafuriko na aliyechelewa kwa uzembe huingia kwa mlango mmoja, saa moja. Karatasi mbili zenye alama sawa zaweza kuficha jitihada zisizofanana hata kidogo. Hatuna budi kuuliza swali la tatu, tukijua kwamba mara nyingine tutalijibu vibaya.

Tukikosea, je? Wahenga walinena kwamba kuteleza si kuanguka. Mimi niliteleza pale uwanjani. Nilianguka jioni, niliponyamaza. Niliogopa kwamba nikikiri gwarideni wanafunzi wangeacha kuniheshimu. Kulpa alikiri mbele ya taifa zima, ilhali mimi nilishindwa kukiri mbele ya mtoto mmoja aliyeniambia ukweli kwa adabu. Ikiwa anasoma safu hii leo, na ajue kwamba mpira haukumgusa.